Hoja ya Mtungi Usiojaa

Huko Argosi mjini,
kahawa iko mezani,
wamebishana wandani,
kisa: mtungi wa maji.

Arobaini na tisa
mabinti wenye mikasa,
waume wakawatosa
kwa visu vya wachinjaji.

Adhabu yao: wajaze
mtungi, wasijilaze,
tundu chini lipunguze,
wala usijae maji.

Fundi bomba Thrasivulo
akaguna: "Jambo hilo
kosa la mafundi ndilo;
wako wapi wazibaji?

Nipeni saa na raba,
kuzimu nikaliziba;
yuro tisini, si haba,
risiti hamhitaji."

Evanthia, mstaafu,
mwalimu mwenye harufu
ya chaki, mtu nadhifu,
akaanza: "Ndugu, maji

yakipanda mle ndani
hutoka kasi tunduni,
mwisho hukaa mizani:
kimo kimoja cha maji.

Wakiongeza tu kasi,
ndoo zifike upesi,
mtungi ujae basi,
bila dua ya mwombaji!"

Fundi kasema: "Foleni!
Wote hao mlangoni
wapigane viwikoni,
nusu yao wamwagaji!"

Pelopida wa machungwa,
aliyekaa katengwa,
akadai: "Mmezongwa!
Nani alipia maji?

Shambani kwangu kisima
chumvi tupu, kimekoma,
na chini kule daima
wafu wachezea maji!

Yakivuja yenda wapi?
Chini ya chini ni kupi?
Mabomba hayo ni yapi,
na nani mgawanyaji?"

Evanthia kanyamaza,
karatasi kaijaza
kwa mishale na kuwaza,
kama ramani ya mji.

"Labda hupanda mvuke,
kuna na mawingu yake,
kisha mvua iwafike…"
"Mwavuli wauhitaji!"

Kaliroi, mhudumu,
mara ya tisa kwa zamu
kamimina kwa ugumu
bilauri zao maji.

"Tangu saa tatu hapa
kahawa moja mwalipa,
maji ya bure nawapa,
nyie ndio wavujaji!

Kuzimu mwaulizia?
Mimi nimeshaingia:
hapa ninawajazia
mitungi mitatu maji."

Fundi akatoa yuro,
moja tu, tena kwa kero;
Pelopida, kwa mchoro,
kafuta meza ya maji.

Hoja haikumalizwa,
kesho itaendelezwa;
jikoni, bila kukazwa,
bomba ladondosha maji.