Kibonye cha M

Fundi wa Luthuli aliigeuza mara moja, kama samaki wa jana,
akasema: "Hii, mama, imekufa. Tafuta nyingine."
Sikumjibu. Mimi ndiye ninayeandika habari za waliokufa;
maiti naijua nikiiona.

Miaka kumi na mmoja, Umoja, chumba cha mbele,
nachapa ratiba za mazishi kwa mashine hii:
saa tatu mwili kutoka mochari, saa tano ibada,
wasifu, nyimbo mbili, shukrani za familia.
Tumboni ina kibandiko cha ofisi fulani ya Uholanzi.
Betri ililala zamani. Kibonye cha M kiling'oka
mwaka ule wa barakoa;
tangu hapo nadunga pale kwa njiti ya kiberiti.

Kisha ikaanza kunidai.
Kila asubuhi ujumbe wa buluu: leseni yako, muda wako, usalama wako.
Ikiamua kujisasisha, dakika arubaini,
na mteja amekaa kwenye stuli
na picha ya mamake ndani ya bahasha.

Mumbe wa nyumba namba saba, mwanafunzi wa chuo cha ufundi,
akaja Jumapili, flashi mbili shingoni kama rozari.
"Humu kuna mfumo mwingine. Huria."
"Bei?"
"Hakuna."
Nikacheka. Nairobi hata choo cha stendi kina bei.
"Kauandika nani?"
"Watu."
"Watu gani?"
"Wengi. Hawajuani. Huyu anaziba, yule anasahihisha."
Nikakumbuka kamati za matanga:
aletaye sufuria, aletaye hema,
na yule anayechimba usiku, ambaye jina lake
sijawahi kuletewa nilichape.
Nikasogeza kiti.

Kwenye kioo likatokea swali:
FUTA DISKI YOTE?
Yote. Neno hili nimelichapa mara ngapi,
"yote ni kwa mapenzi yake Mola",
na sikuwahi kuliogopa.
Mle walilala mia tatu na kitu.
Tukawahamisha kwanza kwenye flashi ya pili:
Mzee Ndolo, Bi Rasoa wa kwaya,
kitoto Adhola aliyeishi siku tisa na ukurasa mmoja.
Kisha nikabonyeza mwenyewe.
Mumbe alitazama pembeni.

Asilimia saba. Asilimia ishirini.
Tokeni za stima zimebaki uniti mbili;
nikachomoa friji, maziwa yajitegemee.
Kwenye sitini na nne ikakwama
muda wa chai kuchemka na kupoa.

Ikaamka. Ikauliza lugha.
Nikateremka orodha ndefu ya mataifa
hadi nikaona: Kiswahili.
Mtu mahali fulani alikaa akaandika Hifadhi, akaandika Ghairi,
akachoka katikati. Nusu ya menyu bado Kizungu.
Simlaumu. Nami huchoka nikifika kwenye wajukuu.

Tulipowarudisha marehemu, walikuwa wamebadilishwa nguo.
Ile herufi ya madaha, yenye mkia wa kujikunja,
kumbe ilikuwa mali ya kampuni; haikuja.
Mzee Ndolo sasa ana herufi wima, za kawaida,
kama alivyokuwa mwenyewe, nasikia.
Picha ya Bi Rasoa imeteremka hadi kwenye shukrani.
Niliipandisha polepole.
Hakuna aliyelalamika.

Saa kumi na mbili asubuhi mtu akabisha, bahasha mkononi.
Mashine ikawaka kabla hajamaliza kutaja jina la babake.
Haikunidai kitu.

Ila kibonye, mfumo mpya haukuleta.
Nikachomoa njiti moja nikaanza:
M, a, r, e, h, e,
njiti tena,
m, u.