Herufi Iliyopinduka

Kitabu kimetoka Mbweni, kwa shangazi Perpetua,
Injili ya Yohana, jalada limeliwa na mchwa.
Ukurasa wa pili, panapotakiwa *neno*,
pamechapwa *ueno*:
n imesimama kwa kichwa.

Huyo ni Silvano Chitenje, babu wa babu yangu,
mpanga chapa wa Kiungani.
Kwao walimtoa kwa risasi;
huku akapewa risasi nyingine, herufi herufi,
azisome kinyumenyume, kulia kwenda kushoto,
apulize vumbi, azibane, apake wino.

Padri anasema mwandishi ni Mungu,
mitume kalamu tu.
Nauliza: na kidole cha babu?
Anacheka, ananiongeza kahawa.

Sina elimu ya kubishana na padri.
Ila najua Luka aliulizauliza watu,
Paulo alisema, mwingine akaandika mkono ukimuuma,
na mfasiri, nasikia, alikwama usiku kucha
akaenda kumuuliza muuza samli wa Malindi,
Mwislamu safi, ndiye aliyempa lile neno.

Pumzi ikapita humo mote, kifua hata kifua,
ikamfikia kijana anayepuliza vumbi.
Labda taa ilikuwa inakufa.
Labda mtu alimwita kwa jina lake la kwao,
akageuka.

Sijaisahihisha.
Jumapili, Mkunazini, zamu yangu ya kusoma,
nikifika pale nasita kidogo,
kama unavyobana ukutani kichochoroni
mwenzio apite.