Kipengele cha Tisa

Baba, leo nimevunja mkataba.
Wewe ulihama mwezi wa saba
bila ilani, bila barua,
na hakuna aliyekudai.

Siku ile kwa wakala, ghorofa ya pili,
ukihema bado kwa sababu ya ngazi,
uliniuliza, "Kageha, kwa nini miaka miwili?"
Nikasema kodi inashuka elfu moja na mia tano.
Ilishuka, kweli. Lakini sababu haikuwa hiyo.
Nilitaka miaka miwili iandikwe mahali,
ipigwe muhuri, ishuhudiwe na mtu asiyetujua:
kwamba kila Jumanne na kila Ijumaa
utaamka hapa Migosi, utavaa kofia yako ya sufi,
tutakwenda pole pole mpaka Russia wakuoshe damu,
na jioni utalalamika kwamba samaki wa Kisumu
wana miiba kuliko wa zamani.
Nilidhani kifo nacho huogopa muhuri.

Kipengele cha tisa nimekisoma
mara nyingi kuliko Zaburi.
Mpangaji akiondoka kabla ya muda
atalipa kodi ya miezi miwili,
atarudisha kuta kama alivyozikuta.
Kinataja moto. Kinataja mafuriko, mbwa, kelele za usiku.
Nimekigeuza huku na huku kama mfuko wa shati,
wewe humo hukuandikwa.

Jumamosi akaja Mama Dorsila na daftari,
karani wake nyuma na futi ya kupimia.
Msumari wa kalenda ya duka la mbolea: mia.
Msumari wa redio yako: mia.
Ufa wa sinki. "Huo tuliukuta," nikasema.
Akauinamia, akaukubali shingo upande.
Doa la chai sebuleni, pale ulipokuwa ukiketi,
alilipita. Labda hakuliona.

Kisha bafuni.
Lile bomba la chuma alilokufungia fundi Wesonga,
skrubu nane, vigae vitatu vimetobolewa.
Karani akafungua kinywa apige hesabu.
Mama Dorsila alikuwa amevua viatu, sakafu ilikuwa na maji,
na nyonga yake, nadhani unaikumbuka,
hupanda kizingiti kama mtu anayeomba ruhusa.
Akalishika bomba.
Akaliegemea.
Akakaa hivyo muda ambao hata karani alianza kutazama dari.
"Alikuwa akishika wapi, akiamka usiku?"
"Hapo hapo ulipoweka mkono."
Rangi imechubuka pale, baba. Upana wa kiganja.

"Hili liache," akasema.
Katika daftari hakuandika kitu.
Tulipofika mlangoni miezi miwili ilikuwa imekuwa mmoja,
"na usimwambie yule wa namba sita,
atataka kufiwa na yeye."
Nikacheka. Sikujua kama inafaa, lakini nikacheka,
naye akajifunika mdomo kwa daftari.

Pikapu imepakia: kitanda, kiti chako, ndoo mbili,
gunia la viatu ambavyo sijui nitampa nani.
Nimeacha stima ya siku tisa kwenye mita.
Nimemwachia atakayekuja karatasi juu ya friji ya jirani
inayonguruma alfajiri, asidhani ni mvua.

Kilichobaki ni funguo.
"Zilikuwa mbili," akasema. "Huu ni mmoja."
"Mwingine uko Chavakali."
Akangoja niseme nitautuma lini.
Nami nikaliona lile koti la kahawia tulilokuvisha,
mfuko wa ndani, upande wa kushoto,
ambao katika haraka zote zile
hakuna aliyekumbuka kuupekua.

Akaandika: ufunguo, mia tatu na hamsini.
Nikalipa.