Kidole Kimoja

Daktari alikata tumbo.
Mkono hakuukata.
Saa sita usiku bado huamka kabla yangu,
ukapapasa mlango wa friji,
na ile taa ya ndani ikanimulika
kama mwizi aliyerudi
kwenye nyumba aliyokwisha kuikomba.

Zamani nilijua kila kikaango cha Ngara.
Mama Mwikali aliniwekea chapati sita,
moto, zimefungwa kwa gazeti,
nami nikimwambia, "Ni za watoto."
Sina watoto.
Nilizimaliza ndani ya gari, injini imezimwa,
vioo vimepandishwa,
bila kuzionja.
Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wasema.
Mimi niliwalaza wote wawili kitanda kimoja
na usiku kucha walivutana blanketi.

Sasa mizani yangu ni kijiko cha dawa.
Uji, vijiko vinne. Pumzika.
Yai moja ni karamu.
Maji hayaingii pamoja na chakula,
hungoja nusu saa mlangoni kama mgeni mwenye adabu.
Wiki ya tisa nilijaribu andazi ofisini, nusu tu:
jasho, moyo ukinidunda hadi masikioni,
nikajilaza chooni, ghorofa ya nne,
shavu kwenye vigae,
nikiomba msamaha, sijui kwa nani.

Kwenye harusi ya Nyakerario
shangazi alinibana mkono
kana kwamba ananitafuta humo ndani.
"Unaumwa nini, hutuambii?"
Akanijazia sahani ya pilau, mlima.
Nikachukua kipande kimoja cha nyama,
nikakitafuna mara thelathini, nikihesabu,
na kwenye ishirini na mbili
nikakutana na iliki.
Miaka arobaini nimekula pilau.
Hatukuwahi kujuana.

Jumamosi nilipeleka gauni la bluu
kwa fundi Kyengo, Kenyatta Market.
Alizungusha utepe kiunoni, akauzungusha tena,
pini mdomoni.
"Nikate kinachozidi,
au nikuachie akiba kwenye mshono?
Watu hurudi."
Moshi wa nyama choma ukapita katikati yetu,
ukanisalimu kwa jina.
Mkono ukainuka.
Nikaupa kazi: shika kitambaa.

"Acha kidole kimoja," nikasema.
Akapima kwa chake,
kinene.
Nikamwomba apime kwa changu.