Ndoo ya Rangi

Duka la Naushadi, hapa Mabela, linauza kwa simu sasa.
Namsomea polepole: mchele kilo mbili,
tui la kopo, ndimu, dawa ya mende.
Muhogo?
"Hakuna, mama. Ndege hazitui."

Anagonga geti, anaweka mfuko chini,
anarudi nyuma hatua sita
kama mtu aliyekanyaga mkia wa paka.
Ndiyo sheria. Mimi na sheria hatuna ugomvi.
Ugomvi wangu ni na hapo chini.

Goti la chuma halikufunzwa kuinama.
Juzi niliuvuta mfuko kwa gongo, ukachanika,
ndimu zikabingirika mpaka mlangoni kwa Bi Thuwaiba,
naye dirishani akazihesabu kwa kidole,
asitoke.
Simlaumu. Mapafu yake ni karatasi.
Moja ilikaa pale siku tatu, ikawa ngozi.

Leo geti limegongwa. Nafungua.
Mfuko umekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa,
pale pale mkono wangu unapoishia.

Ng'ambo ya njia, Naushadi ameinama,
ati anafunga kamba za viatu.

Amevaa kandambili.