Mita ya Tumbo

Miaka kumi na tisa nimepanda nguzo,
Umoja hadi Kayole, Njiru hadi Ruai,
mkanda kiunoni, koleo mfukoni,
nikiwarudishia watu stima kabla ya taarifa ya habari.
Watoto hupiga kelele mtaa mzima: "Imerudi!"
Nami huko juu hucheka peke yangu kama kichaa.

Halafu mwaka jana tumbo langu likakatika.

Sikuhara. Sikuumwa kama wanavyoumwa watu.
Chakula kiliingia tu, kikakaa.
Githeri ya Jumanne niliitapika Jumatano jioni,
mahindi mazima, hata hayajashtuka.
Nduku akasema ni vidonda.
Shemeji akasema ni kijicho cha mtu
aliyeona kiwanja nilichonunua Joska.
Mchungaji akanipaka mafuta.
Mkanda wa kazi nikautoboa tundu jipya, kisha jingine.

Daktari Kemunto, kule Upper Hill, hakunipasua.
Alinilaza chali, akanisugua tumbo kwa pamba na spiriti,
akanibandika vibandiko, kila kimoja na waya wake.
Nilicheka. Akauliza kulikoni.
Nikamwambia, mganga hajigangi, daktari,
leo nguzo ni mimi.

Mkate na yai. Kisha kulala kimya.
Usiongee, alisema, usikohoe:
moyo hupaza sauti, tumbo hunong'ona tu.
Lenye afya hutoa mawimbi matatu kwa dakika,
matatu, umelala au umeamka,
matatu hata ukifunga.
Miaka arobaini na saba yalinifanyia kazi
bila tokeni, bila bili,
wala sikujua yapo.

Ikaja karatasi. Mimi mistari naijua.
Wimbi. Wimbi. Halafu hakuna.
Hakuna, hakuna,
kisha matano kwa mkupuo, yakisukumana
kama watu mlangoni unga uliposhuka bei.
"Ni sukari," akasema, "imeharibu neva."
"Waya zimeliwa," nikasema.
Akafikiri kidogo. "Ndiyo. Zimeliwa."

Sasa nina kijisanduku chini ya ngozi,
si kikubwa kuliko kiberiti,
nyaya mbili zikienda hadi ukuta wa tumbo.
Hakiponyi. Alilirudia hilo mara tatu.
Kinabisha tu mlangoni, kinabisha tena;
mimi sisikii kitu.
Siku nyingine anafunguliwa. Siku nyingine
naegemea sinki hadi adhana ya alfajiri.

Jana Nduku alinipimia uji, nusu bakuli, bila sukari,
akaketi mbele yangu akitazama saa ya ukutani.
Robo saa. Nusu saa.
Stima ikapotea mtaa mzima.
Mtu akatukana huko nje, jenereta ya kinyozi ikakohoa.
Nikaweka kiganja hapa, chini ya mbavu za kushoto.

"Ipo?" akauliza gizani.

Ngoja, nikamwambia.
Ngoja kidogo.