Mgongo wa Chupa

Saa moja asubuhi, sijala tangu jana jioni.
Nje, Lieksa bado giza, theluji yafika magotini.
Päivikki ananifunga mpira juu ya kiwiko,
anagonga mshipa kwa kidole kama anayebisha hodi.
"Kunja ngumi, Armas."
Nakunja.
Damu inaingia kichupani bila kelele,
nyeusi kidogo kuliko nilivyoikumbuka.

Hii ni mara ya nne. Ya kwanza nilikuwa na thelathini na tatu,
nikaja kwa ajili ya kahawa ya bure
na kwa kuwa Oiva, baba yangu, hakuwahi kuja.
Yeye alianguka msituni, mwezi wa pili, shoka mkononi,
miaka arobaini na tisa na siku chache.
Walimkuta ameegemea gogo kama mtu apumzikaye,
theluji imeshaanza kumfunika mabega.
Mfukoni mkate mweusi, siagi nene kama dole gumba,
na kipande cha nguruwe wa chumvi, hakijaguswa.
Mama alikirudisha nyumbani. Hakukitupa.
Alikikata, akatupa sisi,
tukala.

Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Mashine ya Päivikki inajua ni nzito kiasi gani.
Inavizungusha vichupa hadi damu iachane na nafsi yake:
wekundu ukazama, juu yakabaki
majimaji ya rangi ya chai hafifu.
Ile mara ya pili yangu yalitoka meupe,
yamechafuka kama maji yaliyosuuza sufuria ya maziwa.
Jana yake ilikuwa harusi ya Hilkka, dada yangu,
nami nilikuwa nimeapa kwamba nimefunga.
Päivikki alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha,
hakusema neno.
Nilidhani nampaka mafuta kwa mgongo wa chupa;
chupa yenyewe ikanisuta.

Majibu huja kwa posta, yana majina marefu:
palmitiki, linoleiki, omega ya tatu,
kila moja na tarakimu zake baada ya nukta.
Nayasoma mezani kama orodha ya wageni
waliolala kwangu bila mimi kujua.
Huyu aliingia na samaki wa ziwani.
Huyu na soseji za kituo cha mafuta, usiku, nikirudi zamu.
Na huyu hakutoka nje kabisa:
ini langu mwenyewe limemfinyanga
kwa sukari, kwa bia, kwa majira ya baridi
yale ambayo Marjukka aliondoka
na mimi nikakaa, nikakaa, nikakaa.

Mahali fulani Joensuu kuna friza,
baridi yake yaushinda usiku wowote wa kwetu.
Humo imo damu yangu ya thelathini na tatu,
imeganda na ujana wake, ina lebo na namba.
Haijui kiuno kilipokwenda.
Haijui kidonge cheupe cha kila jioni,
wala jinsi ninavyopanda ngazi siku hizi
nikijifanya nasoma matangazo ukutani.
Naionea wivu. Kisha namwonea huruma:
yeye bado anaamini kahawa ni ya bure.

Namzidi baba miaka mitano sasa.
Hakuna aliyenifundisha namna ya kuwa mkubwa wa baba.
Kila asubuhi naingia chumba asichokiona,
napapasa ukuta, natafuta swichi.

"Achia ngumi," asema Päivikki, pamba mkononi.
Amezeeka naye; miwani yake ina kamba.
"Tutaonana baada ya miaka saba."
Kasema hivyo tu, kama mtu anayesema kesho.

Nyumbani natia mafuta ya mbegu kwenye kikaango,
visamaki sita, virefu kama kidole,
vinaruka, vinanuka ziwa.
Mkate mweusi.
Halafu, kwa ncha ya kisu, siagi. Kidogo. Ya Oiva.
Päivikki ataiona.
Aione.